Aplikasio ya kuzuia mbuzi: tuanzie kwenye mkanda, si kwenye simu

Ndugu wa chama, na nyinyi wanafunzi munaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo,

Huko Marekani kuna mbwa wanaovalishwa mkanda wenye GPS. Mwenyewe anachora mpaka kwenye simu, na mbwa akiukaribia, mkanda unalia. Hapa kwetu Butembo na Beni, mnyama anayetugombanisha na jirani ni mbuzi zaidi kuliko mbwa. Anakata kamba, anaingia mu maharagi ya watu, na jioni muko mbele ya shefu wa kartie. Basi aplikasio kama hiyo ingetusaidia. Lakini itengenezwe namna gani?

Mfano uko tayari. Kampuni ya Nofence ya Norwe ilianza na mbuzi. Mnyama akifika mpakani anasikia sauti inayopanda kidogo kidogo. Asipogeuka, anapata mshtuko mdogo wa umeme. Kisha anajifunza kugeuka kwa sauti tu. Kutokana na hapo, mimi naona mambo manne.

Kwanza, mpaka ukae ndani ya mkanda. Rezo ikikatika ao simu ikizimika, mkanda uendelee kulia. Kazi ya simu ni mbili tu: kuchora mpaka na kupokea habari. Na mnyama aliyetoka, wakati anarudi, asipigwe umeme, juu ataogopa kurudi nyumbani.

Pili, habari ipite kwa SMS. Kule Kenya, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, tembo mmoja aliyeitwa Kimani alivalishwa mkanda wenye kadi ya simu. Akikaribia mpaka, mkanda ulituma ujumbe, na walinzi wakaenda kumrudisha. Hiyo ilijulikana tayari mwaka 2008, bila aplikasio ya bei kali. Mfugaji mwenye simu ndogo ya vifungo naye anaweza kusoma: «Mbuzi 3 ametoka, upande wa mto.» Kwa asiyejua kusoma, simu imupigie na sauti iseme kwa Kiswahili ao Kinande.

Tatu, hesabu ya mita. GPS ya kawaida, hata mahali peupe, inaweza kukosea mita kama 5. Chini ya miti inazidi. Chukua parseli ya mita 20 kwa 30. Ukiacha mita 5 kila upande, inabaki 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200 kati ya 600. Mbuzi amepoteza sehemu mbili kwa tatu za majani! Hapo kamba na uzio wa miti bado vinashinda. Lakini kwenye malisho ya hekta 10 upande wa Lubero, kama yana umbo la mraba, ukiacha mita hizo hizo, hasara haifiki asilimia 7. Aplikasio yenyewe ipime eneo, na imwambie mtu waziwazi kama shamba lake ni dogo sana.

Ya nne ndiyo nzito. Tangu 2014 eneo la Beni limeona mauaji mengi. Ramani inayoonyesha mahali mbuzi wanalala inaonyesha pia mahali watu wanalala. Kwa hiyo aplikasio isitunze historia ya mizunguko, ujumbe usibebe namba za GPS, na mtu mwingine asiweze kufungua ramani. Tena, kifaa chenye taa kwenye shingo ya mnyama kinaweza kuleta mashaka kwenye bariere. Shefu wa kijiji na wakubwa wa usalama waelezwe mbele ya kuvalisha mnyama hata mmoja.

Wanafunzi wa informatiki, musianze na rangi za aplikasio. Tafuteni mwenzenu wa agronomia ao wa mifugo, muende pamoja kwa mfugaji mmoja, mupime malisho yake, muangalie rezo inafika wapi, na mumuulize ana simu gani. Hayo majibu ndiyo yataonyesha kama kuna kitu cha kutengeneza.