Ziwani kwa Miguu: Kuufurahia Ufukwe Bila Kurudi na Kichocho

Mji wa Mwanza umeketi juu ya mawe, na chini ya mawe hayo limetandaa Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mkazi wa mji huu hana haja ya kusafiri mbali ili ayaone maji, ndege na machweo. Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaoambiwa kliniki kwamba wafanye mazoezi, nao hurudi nyumbani bila kujua wapi pa kuyafanyia. Wapo pia wazazi walioonywa kuhusu kichocho kwa maneno makali kiasi kwamba wamewakataza watoto wao hata kuukaribia ufukwe. Ushauri huu wa aina mbili unaonekana kupingana, lakini haupingani. Ziwa ni mahali pema pa kutembea. Hatari ya kichocho huanza pale ngozi inapogusa maji.

Dawa isiyouzwa dukani

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Kutembea kwa haraka kunatosha kabisa, na kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Mwendo wa namna hiyo, ukifanywa kila mara, husaidia kushusha shinikizo la damu, kudhibiti sukari na kupunguza unyong'onyevu wa moyo.

Asiyezoea aanze na dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika mguu wote, kwa kuwa mguu uliopoteza hisia hautambui jiwe lenye ncha wala mwamba uliochomwa na jua. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari. Mwenye ualbino avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, tena achague saa za asubuhi, maana mwanga wa jua unaoakisiwa na maji huongeza makali yake. Mgonjwa wa moyo aanze kwa kushauriana na daktari wake.

Kisiwa kilicho mlangoni mwa mji

Familia inayotaka matembezi ya nusu siku inaweza kuvuka hadi Kisiwa cha Saanane, mwendo wa dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Mwaka 1964 kisiwa hiki kilifanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini Tanzania, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake lote, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18, jambo linaloifanya kuwa miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za nchi hii.

Udogo huo ni faida kwa mtembeaji. Mtoto na bibi yake wanaweza kuongozana katika njia zake bila mmoja kumchosha mwenzake. Njiani watawaona swala pala, tumbili, na pimbi wanaoota jua juu ya miamba. Mijusi dume wa mawe, wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu, hutikisa vichwa kana kwamba wanasalimia wageni. Juu angani husikika mlio wa furukombe, na kwenye mawe yaliyozungukwa na maji minandi hukausha mbawa zao. Mwenye bahati anaweza kumwona fisi maji.

Kila anayepanda boti, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama safari ni fupi. Na kwa kuwa mbu waenezao malaria huuma usiku, ni vema familia iondoke ufukweni kabla giza halijaingia.

Hatari iliyo katika maji ya kifundo cha mguu

Wazazi wengi huogopa kilindi, wakamwacha mtoto achezee maji yasiyozidi kifundo cha mguu. Kwa habari ya kuzama, hofu hiyo ina maana, ingawa hata maji mafupi huzamisha mtoto mdogo. Kwa kichocho, mambo ni kinyume: konokono wanaobeba vimelea hupenda maji mafupi, yaliyotulia, yenye majani, karibu na mahali watu wanapofulia na kuoga.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Mayai ya minyoo huingia majini pamoja na kinyesi au mkojo wa mtu aliyeambukizwa. Yakianguliwa, vijidudu vyake huingia ndani ya konokono na kuzaana humo. Baadaye konokono hutoa vimelea vingi majini, hasa jua linapokuwa kali, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hakihitajiki kidonda, wala si lazima mtu ayanywe maji hayo. Kuingia majini asubuhi na mapema si kinga, na kujifuta kwa taulo hakutegemewi.

Mwambaoni mwa ziwa, kichocho kilichoenea ni cha tumbo, ambacho kwa miaka huharibu ini, huvimbisha bandama na huweza kumfanya mgonjwa atapike damu. Kwenye malambo na mabwawa ya bara hupatikana zaidi kichocho cha mkojo. Hivyo anayekwenda kupunga upepo kando ya bwawa la umwagiliaji asidhani kwamba amekwepa hatari kwa kuliepuka ziwa.

Wahenga walisema kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa maji ya ufukweni, busara ni kutoyavulia nguo. Familia ibebe maji safi ya kunywa na ya kunawa. Anayelazimika kuoga maji ya ziwa ayachemshe kwanza, au ayahifadhi katika chombo kisicho na konokono kwa siku 2 kamili, kwa kuwa vimelea hivyo hufa vinapokosa mwili wa kuingia.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye homa, kikohozi na vipele, ambaye kipimo chake cha malaria hakionyeshi ugonjwa, aulizwe swali moja zaidi: "Katika wiki 2 hadi 8 zilizopita, uliingia maji gani?" Mwanamke mwenye damu katika mkojo, au maumivu na vidonda vya ukeni, asihukumiwe haraka kuwa ana ugonjwa wa zinaa, kwani kichocho cha mkojo hushambulia pia via vya uzazi. Kumwuliza alikochota maji na alikooga akiwa mtoto kunaweza kumwokoa na miaka ya aibu na dawa zisizomsaidia.

Dawa ya prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa lakini haiui ipasavyo ile michanga. Ndiyo sababu aliyegusa maji leo hupimwa vizuri zaidi baada ya wiki 6 hadi 8. Tena aelezwe wazi kwamba dawa hii hutibu tu. Akirudi majini anaweza kuambukizwa upya.

Wajibu wa mgeni

Mtalii wa siku moja naye ni sehemu ya mzunguko huu. Anayejisaidia nyuma ya jiwe la ufukweni kwa sababu choo kiko mbali huenda akawaachia wenyeji mayai ambayo mvua itayasomba hadi majini. Kabla ya kutandika mkeka, familia iulize choo kiko wapi, na kama hakipo, itafute ufukwe mwingine. Nasi tulio katika huduma, tunapomwandikia mgonjwa matembezi, tusiseme "nenda ziwani" wala "usiende ziwani" tu. Tumwambie aende, atembee, atazame, na miguu yake ibaki nchi kavu.