Maneno ya Mjini Yafikapo Ziwani

Mwanafunzi wa sekondari pale Mbinga, mkoani Ruvuma, akikutana na neno "bugaluu" katika gazeti kuukuu, ataambiwa kwamba ni suruali, basi. Hataambiwa ilivyobana kiunoni na kumwagika chini mpaka ikafunika kiatu, wala kwamba aliyeivaa miaka ya 1970 alijiona ndiye yeye. Wala hataonywa kwamba akilitamka leo kijiweni, watamcheka.

Neno lenyewe limetoka mbali. "Boogaloo" ulikuwa muziki na uchezaji uliovuma New York katika miaka ya 1960. Kule likachuja; huku likahamia kwenye suruali, likaandamana na raizoni, vile viatu vya soli nene. Kwa hiyo kijana anayehangaika na Kiingereza cha zamani vitabuni ana babu nyumbani ambaye huenda anakijua kipande chake bila kujua kuwa ni Kiingereza.

Mfano mzito zaidi ni wa hukuhuku Ruvuma. Enzi za ukoloni, Mbinga ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Songea, wanaume wa kusini waliandikishwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo alihesabiwa na kulipwa. Wakaitwa manamba. Leo neno hilo limebaki kwenye vitabu vya historia, na mwanafunzi anayelikariri kwa ajili ya mtihani aghalabu haoni kwamba ni "number" ileile aliyofundishwa kipindi kilichopita.

Kwa nini maneno ya namna hii hufa? Sababu moja haina mjadala: kilichotajwa kikiondoka, neno hukosa pa kushika. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na mabasi yaliyotoza nauli hiyo Dar es Salaam yakaitwa daladala. Shilingi tano ikaishiwa nguvu, dala ikafa, daladala zikabaki barabarani. Kijana wa Mbinga anayekopa buku (elfu moja) na kurudisha jero (mia tano) hajawahi kuishika dala.

Sababu nyingine ni watumiaji wenyewe. Misimu, yaani maneno haya ya vijiweni, ni uzio: wa ndani wanaelewa, mzazi na mwalimu wanabaki nje. Siku mwalimu akilitumia neno darasani, limekwisha kazi, linatafutwa jingine. William Labov na wanaisimu waliomfuata walionyesha kwamba vijana ndio husukuma mabadiliko ya lugha, na kwamba mtu akishavuka ujana, usemi wake kwa kiasi kikubwa hutulia. Ndiyo maana mzee akifungua mdomo unaweza kukisia alibalehe miaka gani.

Kuna na suala la njia, ambalo mimi naliona tamu kuliko yote. Mwaka 1974 mwanaisimu Mwingereza Peter Trudgill alipendekeza kwamba neno jipya haliendi kijiji kwa kijiji. Huruka kutoka jiji kubwa hadi mji unaofuata kwa ukubwa, na vijiji vya katikati hurukwa kwanza, vije kufikiwa baadaye. Hesabu yake inategemea idadi ya watu na umbali. Kwa kanuni hiyo, neno la Kariakoo lingetua Songea kwanza, lipande Mbinga, ndipo literemke Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Zama za meli ya kutoka bandari ya Itungi na mabasi ya vumbi, lingeweza kufika ziwani likiwa mjini limeshatupwa. Tena lilikuta watu wenye lugha zao: Kimatengo milimani, Kinyasa ufukweni, Kichewa ng'ambo ya Malawi. Kwa wengi Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili, sembuse cha vijiweni.

Sasa kuna lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na wimbo wa Bongo Fleva ukitoka asubuhi unasikika ufukweni kabla ya jioni. Jiografia ya Trudgill imebanwa. Pengo lililobaki ni la umri.

Mwaka 2006 wanaisimu Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha kamusi ya maneno na misemo 1,100 hivi ya mitaani Tanzania. Ni kazi ya maana, kwa sababu imeyanasa maneno yakiwa bado moto. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huo ameshapita kidato cha nne. Mpe orodha ile, naye ataanza kuchambua: haya tunayasema, haya ya kina baba, na hili, mwalimu, ndiyo kwanza nalisikia.