Star Wars: karibu miaka 30 ya kudai filme ya kwanza irudishwe

Mwaka wa 2027, filme ya Kimarekani Star Wars inatimiza miaka 50. Kampuni ya Lucasfilm ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba itairudisha kwenye sinema, tena kwa sura ileile iliyoonekana mwaka wa 1977. Kwa mtu asiyefuata sana mambo ya sinema, hiyo ni habari ndogo: filme ya zamani itaonyeshwa tena. Kwa wapenzi wake, ni jibu la madai waliyoanza kutoa mwaka wa 1997.

Tangu mwaka huo, filme iliyoonyeshwa na kuuzwa kwa jina la Star Wars haikuwa ile iliyowafanya watu wapange mistari mbele ya sinema. Mwongozaji wake, George Lucas, aliibadilisha, akaendelea kuibadilisha, kisha akaifungia ile ya kwanza ndani ya ghala.

Ugomvi huu hauko kati ya Lucas na maadui zake. Wanaomlalamikia ndio waliompenda zaidi, watu wanaojua filme zake kwa moyo, tukio kwa tukio. Wanachouliza ni hiki: filme ikisha kuingia katika maisha ya watu, je, mtu aliyeitengeneza anaweza kuiondoa na kuweka nyingine mahali pake, kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuwepo?

Nani alipiga risasi kwanza?

Star Wars ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1977. Lucas alikuwa na miaka 33. Filme iligharimu dola milioni 11 hivi, na kampuni ya 20th Century Fox haikuitegemea sana: ilianza katika sinema chache, zisizofika 50. Lakini watu walijaa, na filme ikapita nyingine zote za wakati ule kwa pesa ilizoingiza. Mwaka uliofuata ilipata tuzo za Oscar, kati yake ile ya picha za mbinu maalum, ya muziki, ya mavazi na ya uunganishaji wa picha. Filme mbili ziliifuata: The Empire Strikes Back mwaka wa 1980, na Return of the Jedi mwaka wa 1983.

Miaka 20 ilipotimia, Lucas alizirudisha zote tatu kwenye sinema, kati ya Januari na Machi 1997. Picha na sauti zilikuwa zimesafishwa. Lakini kulikuwa pia na mambo mapya yaliyotengenezwa kwa ordinatere: wanyama wa ajabu wakipita barabarani, mji uliokuwa mdogo ukawa mkubwa, na tukio zima lililokuwa limekatwa mwaka wa 1977 likarudishwa. Watu walikwenda kwa wingi. Katika Marekani peke yake, filme ya kwanza iliingiza tena zaidi ya dola milioni 130.

Furaha hiyo ilikwama kwenye tukio moja fupi. Han Solo, mfanya magendo mwenye deni, ameketi ndani ya baa. Mbele yake kuna Greedo, aliyetumwa kumkamata kwa sababu ya deni hilo. Katika filme ya 1977, wakati wanaongea, Han anatoa bastola polepole chini ya meza na kumpiga Greedo. Katika ile ya 1997, Greedo ndiye anayeanza kupiga. Anamkosa Han, ingawa meza tu ndiyo iliyo kati yao. Ndipo Han anapojibu.

Sekunde chache tu, lakini kwa wapenzi wa filme ni mtu mwingine kabisa. Han Solo anaanza hadithi akiwa mtu wa kujitafutia: anapenda pesa zake na ngozi yake. Mwishoni, wakati angeweza kwenda zake na malipo yake, anarudi kuwaokoa rafiki zake. Kurudi huko kuna uzito kwa sababu watazamaji walimwona alivyokuwa mwanzoni. Ukimfanya mwema tangu kwenye baa, safari yake inakuwa fupi.

Lucas alieleza kwamba hakutaka shujaa wake aonekane muuaji asiye na huruma. Lakini hata yeye hakuliacha tukio hilo litulie. Mwaka wa 2004 alilirekebisha, na risasi mbili zikatoka karibu wakati mmoja. Mwaka wa 2019, filme ilipowekwa kwenye Disney+, Greedo alikuwa ameongezewa neno la mwisho: «Maclunkey». Tukio moja, sura nne.

Sura ya marehemu yaondolewa

Mabadiliko mengine yaligusa kazi ya wachezaji wenyewe. Mwishoni mwa Return of the Jedi, mzimu wa Anakin Skywalker unaonekana ukitabasamu. Mwaka wa 1983, ulichezwa na Mwingereza Sebastian Shaw, aliyefariki mwaka wa 1994. Katika DVD za mwaka wa 2004, Shaw hayuko tena hapo. Mahali pake amewekwa Hayden Christensen, aliyemcheza Anakin kijana katika filme za baadaye. Filme ilipotoka mara ya kwanza, Christensen alikuwa mtoto wa miaka miwili.

Mwaka wa 2011 ikawa zamu ya Darth Vader. Katika filme hiyohiyo, anamwangalia mtoto wake akiteswa na Mfalme. Anageuza kichwa huku, anageuza kule, bila neno. Uso wake umefunikwa, kwa hiyo mtazamaji mwenyewe ndiye anayesoma kinachopita ndani ya moyo wake. Katika diski za Blu-ray za mwaka ule, Vader anapiga kelele ya «Hapana!». Wengi waliona kwamba kelele hiyo imewanyang'anya kazi waliyokuwa wakiifanya wenyewe kwa miaka 28.

Hata hivyo, mabadiliko yenyewe siyo kiini cha malalamiko. Filme nyingi zina matoleo mawili au matatu, na hakuna anayegombana. Tatizo ni kwamba Lucas hakuwaachia watu nafasi ya kuchagua. Mara moja tu, mwaka wa 2006, filme za kwanza ziliuzwa kwa muda mfupi, kama nyongeza ndani ya DVD. Picha zake zilitoka kwenye kanda iliyotayarishwa mwaka wa 1993 kwa ajili ya diski za laser, na ubora wake ulikuwa umeisha kupitwa na wakati.

Maneno ya mwaka wa 1988

Kinachowauma zaidi wapenzi hao ni kwamba Lucas mwenyewe ndiye aliyewafundisha hoja zao.

Katika miaka ya 1980, tajiri Ted Turner alinunua ghala kubwa la filme za zamani za Hollywood, akaanza kuzitia rangi zile zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe ili ziuzike kwenye televizio. Waongozaji walikasirika. John Huston, mgonjwa na mzee, alipinga hadharani kutiwa rangi kwa filme yake The Maltese Falcon ya mwaka wa 1941.

Mwezi wa Machi 1988, Lucas na rafiki yake Steven Spielberg walikwenda mbele ya wabunge wa Marekani kutetea filme. Lucas aliwaambia kwamba kazi za sanaa ni urithi wa watu wote, na kwamba wanaozibadilisha au kuziharibu kwa ajili ya faida au kuonyesha nguvu zao ni watu wasiostaarabika. Alionya kwamba kesho mashine zitaweza kuondoa wachezaji na kuweka sura mpya, na kubadilisha hata maneno yanayotoka midomoni mwao. Miaka 16 baadaye, sura ya Sebastian Shaw iliondolewa.

Mwaka uleule wa 1988, Marekani ilipata sheria ya kulinda filme za urithi wa taifa. Orodha ya kwanza, ya filme 25, ilitangazwa mwaka wa 1989. Star Wars ilikuwa ndani yake.

Lucas ana jibu, na jibu lenyewe si la kudharauliwa. Kwa maoni yake, Turner alikuwa tajiri aliyegusa kazi ya wengine, lakini yeye anagusa kazi yake mwenyewe. Mwaka wa 2004 alieleza kwamba filme yenye mabadiliko ndiyo aliyotaka tangu mwanzo. Ile ya 1977, kwake, ilikuwa kazi ya nusu: pesa zilikuwa chache, muda mfupi, na mashine za kutengeneza alichokiota hazikuwepo. Mchoraji anarudi kwenye picha yake, mwandishi anasahihisha kitabu chake kinapochapwa upya. Kwa nini mtu wa sinema akatazwe?

Sheria inamlinda nani?

Katika Ufaransa, swali hili lilifika mpaka Cour de cassation. Televisheni La Cinq ilitaka kuonyesha kwa rangi filme nyingine ya Huston, The Asphalt Jungle ya mwaka wa 1950. Watoto wa Huston, pamoja na Ben Maddow aliyeshirikiana naye kuiandika, walishitaki. Tarehe 28 Mei 1991, mahakama iliwapa haki: hata kama mtengenezaji ni mgeni, na hata kama filme ni mali ya kampuni, heshima ya kazi yake inalindwa. Ndiyo haki ambayo Wafaransa wanaiita droit moral. Sheria ya Congo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi iko katika njia hiyohiyo.

Lakini haki hiyo inamlinda mtunzi dhidi ya mwenye mali. Kwa Star Wars, mtunzi na mwenye mali walikuwa mtu mmoja. Mtazamaji hana kifungu cha kusimamia.

Wapenzi wana hoja moja zaidi: filme haitengenezwi na mtu mmoja. The Empire Strikes Back iliongozwa na Irvin Kershner, na Return of the Jedi na Richard Marquand. Vyombo vya angani vya mwaka wa 1977 vilikuwa vitu vidogo vilivyojengwa kwa mikono na kupigwa picha kwa uvumilivu mkubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyopewa Oscar, na sehemu yake ilibadilishwa mwaka wa 1997 kwa picha za ordinatere. Kijana anayesoma sinema leo anaambiwa kwamba kazi ile ilibadili dunia, lakini akinunua filme, hapewi kazi ile yenyewe.

Spielberg alirudi nyuma

Njia ya kutoka ilikuwepo, na aliyeionyesha ni Spielberg, yule aliyekwenda na Lucas mbele ya wabunge. Mwaka wa 2002, E.T. ilipotimiza miaka 20, alizifuta bunduki mikononi mwa polisi wanaofukuza watoto, akaweka mahali pake redio za kuongelea. Watu walilalamika. Spielberg alisikia. Mwaka wa 2012, filme ilipotoka kwenye Blu-ray, bunduki zilikuwa zimerudi. Mwaka wa 2023 alisema hadharani kwamba alikosea: filme ni alama ya wakati ilipotengenezwa, na haifai kupimwa upya kila wakati kwa macho ya leo.

Ridley Scott alichukua njia nyingine. Blade Runner yake ya mwaka wa 1982 aliirekebisha pia, lakini mwaka wa 2007 matoleo yote, ya zamani na jipya, yaliuzwa ndani ya sanduku moja. Kila mtu akachagua lake.

Kwa Star Wars, wapenzi walichoka kungoja. Wengine waliunganisha vipande vya filme ya kwanza kutoka nakala mbalimbali, kwa miaka mingi, nyumbani kwao. Wengine walitafuta mikanda ya milimita 35 iliyopita kwenye mashine za sinema mwaka wa 1977, wakaisafisha na kuiingiza kwenye ordinatere picha kwa picha. Hawana ruhusa ya kisheria kuisambaza. Lakini kwa muda mrefu, kazi yao ndiyo iliyokuwa njia nzuri zaidi ya kuona filme ambayo Marekani yenyewe iliiita urithi wa taifa.

Disney ilinunua Lucasfilm mwaka wa 2012 kwa dola bilioni 4 na kidogo, na matumaini yakapanda. Ilibidi kungoja mpaka Juni 2025, wakati taasisi ya filme ya Uingereza, BFI, ilipotoa kwenye ghala lake mkanda wa zamani ambao rangi zake hazijafifia, na kuuonyesha London mbele ya watu waliojaa. Mkuu wa Lucasfilm wakati ule, Kathleen Kennedy, alikuwepo ukumbini. Miezi michache tu baadaye ndipo tangazo la 2027 likatoka.

Wapenzi hao hawamwombi Lucas achome filme yake ya 1997. Kuna watoto waliokua nayo, na kwao ndiyo Star Wars. Wanachoomba ni kwamba zote mbili ziwe kwenye rafu moja: ile aliyoitamani mtengenezaji, na ile walimwengu waliyoipokea. Wakati huo, mzazi aliyeiona mwaka wa 1977 ataweza kuketi na mjukuu wake, bastola ikatoka polepole chini ya meza, na wote wawili wakaona kitu kimoja.