Muguka na miraa: masomo matatu katika fungu moja

Mwanafunzi wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anapouliza fizikia, uchumi na historia ya sheria vitamfaa nini, jibu liko karibu na nyumbani. Fungu la muguka kutoka Mbeere, au la miraa kutoka Igembe kule Meru, limebeba masomo yote matatu. Mkulima na mchuuzi wanaoyaelewa hutambua mapema kinachotishia mapato yao.

Fizikia: kwa nini majani hunyauka

Jani likishachumwa halipati tena maji kutoka kwenye mizizi, lakini linaendelea kuyapoteza kwa njia ya mvuke. Jua, upepo na hewa kavu huharakisha upotevu huo. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba: unyevu hubaki ndani na mvuke hupungua. Pamoja na hayo, kathinoni, kemikali kuu inayomchangamsha mtafunaji, huanza kuharibika baada ya kuchumwa. Baada ya siku mbili hivi, mnunuzi hana hamu tena na fungu hilo.

Uchumi: kwa nini bei huanguka ghafla

Bei hutegemea mahitaji ya wanunuzi na kiasi kilichofika sokoni. Mwenye mahindi makavu anaweza kuyaweka ghalani akisubiri bei nzuri. Mwenye muguka hawezi kungoja. Soko moja likifungwa, mzigo wote hukimbilia masoko yaliyobaki na bei hushuka siku hiyo hiyo. Wakulima wa Meru walilionja hilo Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na tena Somalia ilipozuia ndege za miraa mwaka 2020 hadi Julai 2022.

Historia ya sheria: nani anaweza kufunga soko

Mabishano haya si mapya. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijaribu kuzuia miraa, lakini biashara haikufa. Mwaka 2016 Bunge liliitambua miraa kuwa zao rasmi chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, na kanuni za mwaka 2023 zikaigusa miraa pamoja na muguka.

Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, ikitaja madhara kwa afya ya vijana. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hiyo kwa muda, kesi iliyofunguliwa na wakulima ikisubiri kusikizwa.

Hapa pana somo la msingi: sheria zina ngazi. Katiba ya 2010 iko juu, kisha sheria za Bunge na za kaunti, kisha kanuni na amri. Kifungu cha 209 kinasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kodi na ada kwa njia inayodhuru shughuli za kiuchumi kati ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Kwa upande mwingine, Katiba inampa kila mtu haki ya afya. Pande mbili zikitegemea Katiba hiyo hiyo, mahakama ndiyo huamua.

Mkazi naye ana nafasi yake. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mswada unaogusa zao hili ukitangazwa, wenye shamba, wachuuzi na wazazi wafike wakatoe maoni kabla haujapitishwa.