Je, Wajua? Karanga Mapema, Mzio Pungufu

Zamani wazazi wa Uingereza walishauriwa wasiwape watoto wachanga karanga, eti kuwakinga na mzio. Mwaka 2015, utafiti wa London uliofuatilia watoto 640 walio katika hatari kubwa ulionyesha kinyume: miongoni mwa walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka, wenye mzio huo walipofika miaka 5 walikuwa wachache kwa takriban asilimia 80 kuliko miongoni mwa waliozuiwa. Habari njema kwa nyumba zinazopika uji wa lishe! Ila karanga zisagwe laini. Nzima humpalia mtoto. Mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza. Na aliyekwisha kudhurika na karanga asionjeshwe kabisa. Mtoto yeyote akivimba midomo au kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali papo hapo.