Je, Wajua? Ngano, Reli na Nauli ya Kunguru

Je, wajua kwamba kuna wakati serikali ya Marekani iliizuia kampuni ya reli isipunguze nauli? Mwaka 1961 Southern Railway ilikuwa na behewa jipya la alumini, Big John, lililobeba karibu tani 100 za nafaka, mara mbili hivi ya mabehewa ya zamani. Kwa behewa hilo kampuni ikataka kushusha nauli ya nafaka kwa takriban asilimia 60. Wenye matishari ya Mto Tennessee wakapiga kelele, na tume ya serikali iliyosimamia nauli ikasimama upande wao. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mzozo haukuisha mpaka 1965.

Kinachochekesha ni kwamba tume hiyo hiyo iliundwa mwaka 1887, kwa sehemu kubwa kutokana na kilio cha wakulima waliochoshwa na nauli kubwa mno. Miaka kumi kabla yake, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ilikuwa imekubali kwamba jimbo linaweza kuweka kikomo cha ada za maghala ya nafaka ya Chicago.

Je, wajua kwamba ombi la kuunganisha kampuni mbili za reli lilichukua miaka kumi kuamuliwa na tume hiyo? Union Pacific ilitaka kuichukua Rock Island, reli iliyobeba nafaka nyingi za Iowa, tangu 1964. Kibali, tena chenye masharti, kilitoka mwishoni mwa 1974. Kufikia hapo njia za Rock Island zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba sehemu nyingine treni zilitambaa kwa maili 10 kwa saa. Mposaji akajiondoa, na mwaka 1975 Rock Island ikafilisika. Machi 1980 ikafungwa kabisa.

Oktoba mwaka huohuo Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Staggers, iliyoziruhusu reli kujipangia nauli nyingi na kuingia mikataba ya siri na wateja. Nauli za wastani zilishuka badala ya kupanda, na fedha za kukarabati njia zikapatikana. Wastani, lakini, huficha watu. Mkulima wa Montana, ambako karibu ngano yote hupita kwa reli ya kampuni moja, hakuona ushindani wowote. Wakulima wa huko walifungua kesi ya McCarty Farms mwaka 1980 kupinga nauli. Hukumu ilitoka 1997, nao wakashindwa. Ukitaka kulalamika leo, sharti la kwanza ni kwamba nauli izidi asilimia 180 ya gharama zinazobadilika za kusafirisha mzigo huo. Chini ya hapo, hakuna wa kukusikiliza.

Tuvuke mpaka hadi Kanada, maana huko ndiko mambo yalikonoga zaidi.

Je, wajua kwamba nauli ya ngano ya Kanada iliwahi kuwekwa iwe ya milele? Mwaka 1897 serikali iliipa Canadian Pacific ruzuku ya dola 11,000 kwa kila maili ili ijenge njia ya kupita Crowsnest, katika milima ya Rocky. Kampuni nayo ikaahidi kupunguza nauli ya nafaka, na punguzo lisiwe na mwisho. Wakulima wakaiita nauli ya Kunguru, kwa jina la mahali hapo (crow kwa Kiingereza ni kunguru). Ilisimamishwa kwa muda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikarudi, na mwaka 1925 Bunge likaifanya sheria kwa njia zote za magharibi: kama nusu senti kwa tani moja kwa maili moja.

Mafuta ya treni yakapanda bei, mishahara ikapanda, ngano yenyewe ikapanda. Nusu senti ikabaki nusu senti.

Matokeo? Reli zikaacha kununua mabehewa ya nafaka. Kuanzia 1972 serikali kuu ikalazimika kuyanunua yenyewe kwa maelfu, na baadaye Bodi ya Ngano ya Kanada na majimbo ya Saskatchewan na Alberta wakafuata. Walipa kodi wakawa wenye mabehewa. Isitoshe, kwa kuwa kusafirisha nafaka ghafi kulikuwa rahisi mno, kufuga nguruwe wa kula shayiri hapohapo Manitoba hakukulipa sana. Biashara hiyo ilinawiri baada ya ruzuku za nauli kufutwa mwaka 1995.

Wanaosoma haya Afrika Mashariki wasidhani ni hadithi ya mbali. Miaka ya 1920 mahindi ya walowezi wa Kenya yalishushwa hadi Mombasa kwa nauli iliyopunguzwa makusudi, huku bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zikitozwa nauli ya juu. Nani alilipa tofauti, msomaji atakisia.

Turudi Kanada. Je, wajua kwamba kuna handaki lililozaliwa na mabadiliko ya nauli? Sheria ya nauli ya Kunguru ilibadilishwa mwishoni mwa 1983, reli zikaanza kulipwa zaidi kwa nafaka, sehemu ikiwa ruzuku ya serikali. Mwaka uliofuata Canadian Pacific ikaanza kuchimba chini ya Mlima Macdonald, na mwaka 1988 treni zikapita katika handaki la kilomita 14.7.

Na hili je? Tangu 2000 Kanada haipangi tena nauli ya nafaka ya magharibi. Inaweka kikomo cha mapato ya reli kwa mwaka. Kampuni ikipitiliza, inatoa ziada yote pamoja na faini ya asilimia 5 au 15, na fedha zinakwenda kwenye mfuko wa utafiti wa mazao. Binafsi naona hiyo ndiyo faini yenye akili kuliko zote nilizowahi kuzisoma.

Kikomo hicho hakikuzuia balaa la 2013 na 2014. Mavuno yalivunja rekodi, baridi ikawa kali (chini ya nyuzi 25 hasi hewa huvuja kwenye breki, hivyo treni hufupishwa), na meli zikangoja Vancouver. Machi 2014 serikali ikaamuru Canadian National (CN) na Canadian Pacific zibebe tani 500,000 kila moja kwa wiki.

Kasoro nyingine ilikuwa kwenye hesabu. Kampuni moja ikinunua mabehewa mapya, kikomo kilipanda kwa zote mbili, kwa hiyo aliyetoa fedha alimnufaisha mshindani wake pia. Mei 2018 Bunge likatenganisha hesabu hizo. Katika wiki chache CN ikatangaza kununua mabehewa 1,000 ya nafaka, na Canadian Pacific 5,900.