Sagres Januari: kona yenye pwani mbili

Anayekwenda Ureno Januari na ubao wake wa kuteleza mawimbini hana haja ya kuuliza kama mawimbi yatakuwapo. Yatakuwapo, tena ya kusaza. La kuuliza ni hili: yakizidi, nitakimbilia wapi? Wengi hupanga safari hii kichwa chini. Huchagua ufuo waliouona pichani, wakakodi chumba hatua chache kutoka majini, kisha wakashinda wiki nzima dirishani wakitazama povu linalopanda kama ghorofa. Nasema "wengi" ili nisibaki peke yangu. Februari ya kwanza niliyokwenda huko nilikaa siku nne Arrifana, ufuo wa upande wa magharibi, ubao mkavu, nikinywa supu. Umbali wa saa moja hivi kwa gari, huko Zavial, watu walikuwa wakicheza na mawimbi ya kifuani, laini, yaliyojipanga kama safu za jamvi. Sikujua, kwa sababu nilikuwa nimesoma urefu wa wimbi lakini sikuwa nimesoma ramani.

Ramani yenyewe haihitaji utaalamu. Pwani ya Ureno inateremka kutoka kaskazini ikiitazama Atlantiki uso kwa uso, magharibi, mpaka kwenye rasi ya São Vicente, ncha ya kusini-magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Hapo, kando ya mji mdogo wa Sagres, nchi inapinda ghafla na pwani inaanza kutazama kusini. Fuo za Castelejo, Cordoama na Amado ziko upande wa magharibi. Mareta, Ingrina na Zavial ziko kusini. Kutoka Castelejo hadi Zavial ni chini ya nusu saa kwa gari. Pembe hiyo ndiyo sababu ya kuchagua Sagres badala ya sehemu nyingine za pwani hii wakati wageni wameshaondoka. Bahari moja, milango miwili, na mara nyingi mmoja ukifungwa na dhoruba mwingine hubaki wazi.

Ili ujue mlango upi uko wazi, lazima usome utabiri wote, si nusu. Utabiri wa mawimbi huja na namba mbili na mwelekeo: urefu wa wimbi, sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalolifuata, na upande yanakotoka. Mgeni husoma urefu akafunga simu. Lakini mita 2 kwa sekunde 8 na mita 2 kwa sekunde 16 ni bahari mbili tofauti. Zidisha sekunde kwa sekunde, kisha kwa 1.56, utapata umbali wa mita kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kingine kwenye kina kirefu: katika mfano wa kwanza mita 100, katika wa pili karibu mita 400. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu huo wa kilele kwa kilele. Kwa hiyo la sekunde 8 linafika karibu na nchi kavu halijui kama kuna sakafu, ilhali la sekunde 16 limeanza kuihisi kwenye kina cha mita 200, huko mbali. Upande ulio kwenye maji mafupi unapungua mwendo, ulio kwenye kina unaendelea, na wimbi zima linajipinda kuelekea nchi kavu. Hivi ndivyo mawimbi yaliyotoka kaskazini-magharibi yanavyoizunguka rasi na kuingia Zavial, yakiwa yameacha ukali wao njiani. Mawimbi mafupi hayapindi namna hiyo. Hupita moja kwa moja, na kusini kunabaki maji ya kuogelea watoto.

Kuna jingine kuhusu hizo sekunde. Nguvu inayofika ufuoni hukua pamoja nazo, hivyo wimbi la pili katika mfano wetu lina nguvu maradufu ya la kwanza ingawa utabiri umeandika mita 2 kwa yote mawili. Na likifika kwenye maji mafupi linainuka zaidi. Ndiyo maana mtu anayejiambia kwamba mita 2 ni saizi yake huvunjiwa ubao.

Kundi la mawimbi ya sekunde 16 husafiri kwa kasi ya kama kilomita 45 kwa saa. Dhoruba ikichafuka kilomita 3,000 kutoka hapo, upande wa Greenland, mawimbi yake yatagonga Ureno baada ya karibu siku tatu. Siku tatu ni nafasi nzuri ya kupanga wiki yako, lakini si ya kununulia tiketi ya ndege. Tiketi nunua mapema na kwa siku nyingi. Mimi sishauri chini ya siku kumi, kwa sababu wakati wa baridi bahari hii huja kwa vipindi: siku mbili za fujo, siku mbili za neema, siku ya mvua tupu. Anayekwenda kwa siku nne anacheza karata.

Baada ya wimbi, upepo. Mteleza mawimbini anataka upepo utokao nchi kavu, kwa sababu huzuia wimbi lisivunjike upesi na kulisafisha uso. Mabaharia wa kwetu wanaufahamu upepo wa namna hiyo wa alfajiri, umande. Wakati wa baridi huko Sagres mchezo huwa hivi: dhoruba inapokaribia, upepo unatoka kusini-magharibi na mvua; ikishapita unageuka kaskazini-magharibi, kisha kaskazini, na mbingu inafunguka. Kwa pwani inayotazama kusini, kaskazini ndiyo nchi kavu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya upepo wa kaskazini baada ya mvua, mawimbi ya dhoruba yakiwa bado yanaingia, nenda kusini. Hali ikitulia kwa siku kadhaa na upepo wa asubuhi ukaanza kutoka mashariki, geuza gari uende magharibi, Amado au Castelejo.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, msomaji wa Mombasa au Unguja atajisikia nyumbani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hupita mita 3. Kuna mpangilio wenye manufaa: siku za bamvua, maji ya pwani hii hupwa kabisa karibu saa tatu asubuhi na kujaa karibu saa tisa alasiri, siku za maji mafu mambo hugeuka. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo na kuzama saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, kwa hiyo una kama saa tisa na nusu tu za mwanga. Fuo nyingi za huko zina mchanga mwembamba chini ya majabali marefu, na bamvua likijaa mchanga wote unamezwa, mawimbi yanapiga ukutani. Ukiwa na bamvua, ingia maji yakianza kujaa, uwe umetoka kabla ya saa nane.

Hapo pana hatari ambayo mtu wa kiangazi haijui. Waokoaji wa fuo za Ureno huwapo msimu wa kuogelea, na msimu huo huisha pamoja na kiangazi. Januari hakuna kibanda, hakuna bendera, hakuna filimbi. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi baharini, na hurudi kwa mfereji, mara nyingi kando ya majabali. Mfereji huo unaonekana shwari, wimbi halivunjiki juu yake, na mgeni anaudhani njia salama. Ukishikwa, usiushindanie, kaa juu ya ubao wako, piga kasia sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Usiingie peke yako. Namba ya dharura ni 112. Taasisi ya hali ya hewa na bahari ya Ureno, IPMA, hutoa tahadhari za bahari kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Siku ya chungwa mimi huenda kutazama wavuvi wanaoshusha ndoano kutoka juu ya majabali ya Sagres, nikisimama nyuma yao, mbali na ukingo.

Baridi ya maji inaogopwa kuliko inavyostahili. Februari bahari huwa nyuzi 15 hivi. Kiangazi nacho hakitoi nafuu kubwa: upepo wa kaskazini wa Julai na Agosti husukuma maji ya juu kuelekea kilindini, maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake, na mtu anatetemeka huku jua linamchoma mgongo. Vazi la mpira lenye unene wa milimita 4 kifuani na 3 mikononi na miguuni linatosha watu wengi. Chukua mawili ukiweza, kwa sababu hakuna adhabu kama kuvaa vazi bichi alfajiri. Zamani palikuwa na ufuo wenye maji ya uvuguvugu, São Torpes, karibu na Sines, mji alikozaliwa Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi Aprili 1498. Joto hilo halikutoka mbinguni. Lilikuwa maji ya kupozea mitambo ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Kituo kilifungwa Januari 2021, na São Torpes ikarudi kwenye baridi ya wenzake.

Baridi ya kuogopa ni ya ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za kusini mwa Ureno zilijengwa kukimbia joto: kuta nene, sakafu ya vigae, kipasha joto hakuna. Kabla ya kulipia uliza habari ya moto, kisha uliza pa kuanikia. Gari ni lazima. Treni inaishia Lagos, kilomita kama 30 kutoka Sagres, na basi halikufikishi Castelejo. Kulala ndani ya gari ufuoni usijaribu, hiyo ni hifadhi ya mazingira asilia na faini zipo. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi hana kazi hiyo. Bima isomwe mpaka chini, kwa maana baadhi huiweka michezo ya mawimbi kando.

Pa kulala? Si Sagres, wala si Arrifana. Ningechagua Vila do Bispo, mji usio na bahari, wenye migahawa ambayo nusu yake hufungwa Januari na mingine hukupa viazi vitamu vya Aljezur, vya kuoka, vinono kama vya nyumbani. Barabara zinakutana pale: moja inashuka Castelejo, nyingine inakwenda Carrapateira na Amado, ya tatu Sagres, ya nne inaelekea Raposeira na Zavial. Saa moja asubuhi, kukiwa bado giza, unasimama nje na kikombe cha kahawa, unageuza shavu kuusikia upepo, ndipo unawasha gari.